Kazi ya Kurudi

Mhadhara kwa umma kuhusu watu wanaojitolea kupambana na malaria



Nimeombwa nizungumze juu ya watu wanaojitolea katika vita dhidi ya malaria. Ni wengi, na kila mmoja wenu anamfahamu angalau mmoja. Mimi nitaanza na mmoja wa kwangu.

Miaka yangu ya mwanzo kazini nilikuwa tabibu katika zahanati ya kijiji kimoja cha bonde la Kilombero. Wanaolijua bonde lile wanajua kwamba msimu wa mpunga ukishika, kijiji hubaki na wazee na watoto wa shule. Wengine huhamia mashambani, mwendo wa saa kadhaa kwa miguu, wakajenga madungu ya miti na nyasi, wakalala huko miezi wakilinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe pori. Mtoto mchanga huenda na mama yake. Chandarua mara nyingi hubaki kijijini, kimetundikwa juu ya kitanda kisicho na mtu.

Kulikuwa na mama mmoja wa makamo, mkulima kama wenzake, aliyechaguliwa na mkutano wa kijiji kuwa mhudumu wa afya wa kujitolea. Kila Jumamosi alizunguka madungu ya upande wake. Siku moja nilifuatana naye. Katika dungu la tatu tulikuta chandarua kimetundikwa, lakini pindo lake limeishia shubiri moja juu ya mkeka. Hakumgombeza mwenye dungu. Aliomba ruhusa, akapiga magoti, akachomeka pindo chini ya mkeka pande zote nne, kisha akapitisha kiganja juu ya wavu akitafuta matundu. Alipoyapata mawili makubwa, alifungua fundo la kanga yake, akatoa sindano na uzi, akashona huku akiuliza habari za mtoto. Tukiwa njiani nilimuuliza kama hakumfundisha mama yule juma lililopita. Akanijibu, "Nilimfundisha. Na juma lijalo nitamfundisha tena."

Nimesoma mengi kuhusu malaria tangu siku ile, na bado sijapata sentensi inayoeleza kazi hii vizuri kuliko hiyo. Malaria ni ugonjwa unaorudi. Humshinda yule anayekwenda mara moja akapiga picha, akaondoka. Hushindwa na yule anayerudi. Yote nitakayosema leo yanazunguka neno hilo moja, kurudi.

Hesabu ya mbu

Tumwangalie kwanza adui, kwa sababu ratiba yake ndiyo inayotupangia yetu. Mwaka 1880 daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, aliviona vimelea vya malaria katika damu ya mgonjwa huko Constantine, Algeria. Tarehe 20 Agosti 1897 Ronald Ross, akifanya kazi India, alivikuta ndani ya tumbo la mbu. Kwa hiyo zaidi ya miaka mia moja sasa tunajua kuwa homa hii haitokani na maembe mabichi wala na kunyeshewa. Inabebwa na mbu jike wa aina ya Anofelesi, anayetafuta damu ili mayai yake yakue.

Jike hutaga juu ya maji yaliyotulia. Mayai huanguliwa kuwa viluwiluwi, viluwiluwi huwa pupa, na kwenye pupa hutoka mbu mwenye mbawa. Katika joto letu safari hiyo huchukua kati ya siku 7 na 14 hivi. Mbu huyo akimuuma mgonjwa, vimelea huhitaji siku nyingine kama 10 au zaidi kukomaa mwilini mwake kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Mbu wengi hawafiki siku hizo. Ndiyo maana dawa iliyo kwenye chandarua, na dawa ukoko inayopuliziwa ukutani, zina nguvu kubwa: zinamkatisha mbu umri kabla hajawa hatari.

Sasa iwekeni hesabu hiyo mbele ya mtu anayejitolea. Akipita kwenye dimbwi kila juma, atakikuta kiluwiluwi kikiwa bado majini. Akiruka juma moja, kizazi kizima kitaruka. Hakuna semina wala bango linaloweza kuziba nafasi ya juma hilo moja.

Na gharama ya majuma yaliyorukwa tunaijua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 watu milioni 263 waliugua malaria duniani na 597,000 walifariki. Asilimia 95 ya vifo hivyo vilitokea katika kanda ya Afrika, na takriban robo tatu ya marehemu hao wa Afrika walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Nigeria, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Niger na Tanzania pekee zilibeba zaidi ya nusu ya vifo vyote vya dunia. Jina la nchi yetu limo humo. Ni kweli pia kwamba tumesonga mbele: miongoni mwa watoto wetu wa chini ya miaka mitano, kiwango cha maambukizi kilikuwa kama asilimia 18 mwaka 2008, na mwaka 2022 kilikuwa kama asilimia 8. Hatua hiyo ina miguu nyuma yake, na mingi ni ya watu wasio na mshahara.

Matuta ya Dar es Salaam

Nitoe mfano wa mjini, maana wapo wanaodhani kujitolea ni jambo la vijijini tu.

Mwaka 2004 Jiji la Dar es Salaam lilianza mpango wa kudhibiti malaria katika kata 15, likishirikiana na watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Afya Ifakara. Waliotegemewa walikuwa wakazi wenyewe, waliopatikana kupitia serikali za mitaa. Kila mmoja alipewa eneo lililopangwa kwa kufuata nyumba kumikumi, ule mgawanyo ambao kila Mtanzania mwenye umri wangu anaukumbuka, akalizunguka kila juma akitafuta mazalia ya mbu: mifereji iliyoziba, mashimo ya waliokuwa wakijenga, alama za matairi kwenye tope, na matuta ya mchicha na viazi katika mabonde yenye maji.

Matuta yanastahili tusimame kidogo. Katikati ya tuta na tuta hukaa maji mepesi, yenye jua, yasiyotembea. Mtu mwenye bakuli jeupe la mpini mrefu huliinamisha taratibu, huchota, husubiri maji yatulie, kisha hutazama. Viluwiluwi vya mbu wa kawaida wa chooni huning'inia kichwa chini. Vya Anofelesi hulala sambamba na uso wa maji, kama vijiti vilivyoelea. Mkulima wa mchicha aliyeonyeshwa tofauti hiyo mara moja hawezi kuisahau, na kuanzia hapo tuta lake analitazama kwa jicho jingine.

Mwaka 2006 kata tatu, Buguruni, Kurasini na Mikocheni, zilianza kutiwa dawa ya kuua viluwiluwi. Ni bakteria wanaoliwa na kiluwiluwi na kuharibu utumbo wake, bila kumdhuru binadamu, kuku wala samaki. Dawa ilishikamanishwa na chenga za magunzi ya mahindi, na wahudumu waliirusha majini kwa mkono kama mtu anayemwaga mbegu za mpunga. Watafiti walipopima damu za wakazi, walikuta maambukizi katika kata hizo yamepungua kwa kiasi kikubwa.

Lakini ukweli wa pili ni muhimu kama wa kwanza. Watafiti walipofuata nyayo za wahudumu hao, waligundua kuwa mazalia mengi yalikuwa yamepitwa bila kuonekana. Walioyapita zaidi ni wale waliofanya kazi katika maeneo wasiyoyazoea. Na penye nyumba zenye uzio, mhudumu alibaki nje ya geti, na dimbwi likabaki ndani. Kumbe elimu ya mbu peke yake haitoshi. Anayetafuta dimbwi lazima ajue ni uchochoro gani unaopita nyuma ya msikiti, bomba gani linavuja, na mwenye uzio ule hurudi nyumbani saa ngapi. Ujuzi huo hauletwi na gari la mradi. Uko mtaani tayari, katika vichwa vya watu wanaoishi hapo, na unaishi muda wote wanapoendelea kulizunguka eneo lao.

Visiwa ambako malaria ilirudi

Zanzibar imewahi kufika karibu na mlango wa kutokea. Kuanzia mwaka 1958, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, nyumba za Unguja na Pemba zilipuliziwa dawa, na miaka kumi baadaye maambukizi yalikuwa yameshuka chini ya asilimia 10. Mwaka 1968 kampeni ile ikasimamishwa. Wahenga walikwishatuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Malaria ilirudi visiwani, na vizazi viwili vilikua vikiugua ugonjwa ambao wazazi wao waliuona ukiondoka.

Ukuta ulijengwa upya kuanzia mwaka 2003, Zanzibar ilipoanza kutumia dawa mseto za kutibu malaria. Mwaka 2006 vilifuata vyandarua vyenye dawa ya muda mrefu na upuliziaji wa dawa ukoko majumbani. Ndani ya miaka michache maambukizi yalishuka hadi chini ya asilimia moja.

Safari hii kitu kimoja kilikuwa tofauti, nacho ni ufuatiliaji. Mgonjwa akigundulika kituoni, taarifa hutumwa kwa simu kwa afisa wa malaria wa wilaya, naye huifuata familia hadi nyumbani na kuwapima wote wanaoishi humo. Lakini afisa wa wilaya hawezi kujua nyumba ya kila mtu. Huongozwa na sheha, na watu wa shehia wanaojitolea, wanaojua kuwa huyu juzi amerudi kutoka bara, yule ana wageni wa mavuno ya karafuu, na nyumba ile ya pembeni ina watu ingawa mlango umefungwa mchana kutwa. Pale ambapo wagonjwa wamebaki wachache, kila mgonjwa mmoja ni uzi. Ukiushika mapema, unaufuata mpaka mwanzo wake. Ukiuacha, unafuma nguo nzima.

Wenzetu wa Cape Verde wameyapitia haya kwa uchungu. Waliimaliza malaria mwaka 1967, ikarudi. Wakaimaliza tena mwaka 1983, ikarudi tena walipolegeza udhibiti wa mbu. Januari 2024 Shirika la Afya Duniani liliwatangaza kuwa nchi isiyo na malaria. Walishinda kwa sababu walirudi mara ya tatu.

Degedege, na mlango wa jirani

Sasa niingie ndani ya nyumba, ambako vita hivi huamuliwa usiku.

Mtoto ana homa kali. Ghafla macho yanageuka, viungo vinakaza, povu linatoka mdomoni. Bibi anasema ni degedege. Kwa wengi wa wazee wetu, degedege ni jambo la shetani au ndege wa usiku, na wapo walioamini kuwa mtoto wa degedege akidungwa sindano hufa. Basi mtoto hupelekwa kwa mganga wa jadi, na saa za kumwokoa zinapita. Mara nyingi nyuma ya degedege hiyo kuna malaria kali.

Nimewahi kumwona tabibu kijana akimkaripia bibi wa namna hii mbele ya watu, akimwita mshamba. Bibi alinyamaza. Mara ya pili mjukuu wake alipougua, hakuja. Nilijifunza siku ile kwamba aliyefedheheshwa hujifunza kuficha. Mhudumu wa kujitolea hafanyi kosa hilo kwa urahisi, kwani bibi huyo ni bibi yake pia, au wameshirikiana katika misiba. Husema, "Bibi, degedege naijua. Twende nayo zahanati, na nitakwenda nawe." Neno la bibi linabaki mahali pake, na mtoto anapata dawa.

Nguvu ya mtu wa karibu imepimwa. Huko Tigray, Ethiopia, kina mama waliochaguliwa na jamii zao walifunzwa ili nao wawafundishe majirani kutambua malaria kwa watoto na kuwapa dawa haraka nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000: vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika vijiji hivyo vilikuwa pungufu kwa asilimia 40. Ulikuwa ujumbe uliobebwa na mama kwenda kwa mama, mlango hadi mlango.

Siku hizi tuna kipimo cha haraka. Mhudumu hutoboa kidole, huweka kitone cha damu, hudondosha maji ya kipimo, na baada ya dakika 15 au 20 husoma mistari. Ukitokea mmoja kwenye sehemu ya uthibitisho, hakuna malaria, na hapo ana kazi ngumu kuliko kutoa dawa: kumshawishi mzazi kwamba si kila homa ni malaria, na kwamba mtoto apelekwe kituoni kutafutiwa ugonjwa wenyewe.

Ikitokea mistari miwili, hutolewa dawa mseto: asubuhi na jioni, siku tatu, dozi sita. Na hapa ndipo kurudi kunapookoa maisha kimyakimya. Baada ya dozi ya pili homa hushuka. Mtoto anacheza. Mama, ambaye ana watoto wengine wanne na hana uhakika wa kesho, huvifunga vidonge vilivyobaki kwenye kitambaa, awe navyo atakapougua mwingine. Mhudumu akirudi siku ya tatu na kuomba kuona pakiti, mtoto hupona. Asiporudi, vimelea vilivyosalia hujifunza kuistahimili dawa. Katika mkoa wa Kagera tayari watafiti wamebaini vimelea vyenye dalili za kustahimili artemisinini, kiini cha dawa mseto. Kwa hiyo pakiti iliyobaki nusu chini ya godoro ni jambo la taifa zima.

Posho

Ndugu zangu, nimewasifu watu hawa, na ningeondoka hapa nikiwa nimewakosea kama ningeishia kwenye sifa.

Tumezoea kusema kujitolea ni moyo. Ni kweli, lakini moyo nao hukaa ndani ya mtu mwenye njaa, mwenye ada ya mtoto, mwenye viatu vinavyoisha. Mama wa Kilombero aliacha palizi yake kila Jumamosi kwa miaka. Palizi aliyoiacha ina bei, na aliyeilipa ni yeye. Sisi tuliokuwa tukipokea mishahara tuliuita mchango wake wa bure. Haukuwa wa bure hata siku moja.

Nimeona jinsi miradi inavyowatumia. Inafika na fulana na kofia, inawafunza siku tatu, inawapa posho miezi sita, kisha ufadhili unakwisha na simu za ofisini hazipokelewi. Mhudumu anabaki mtaani na fulana iliyopauka, majirani wakimwuliza mbona haji tena. Mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, nchi nyingi zilitambua kwa ghafla ni kiasi gani cha kazi hii kilikuwa kimeegemea fedha za mbali.

Namshukuru Mungu kwamba mwelekeo umeanza kubadilika. Kenya mwaka 2023 ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wenye vifaa vyao vya kazi na posho inayochangiwa na serikali kuu na kaunti. Tanzania ilizindua mpango wake Januari 2024, ikilenga kufikisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano. Namba hizo ni ahadi. Ahadi nazo zinahitaji mtu wa kurudi kuulizia, mwaka hadi mwaka, katika kila kikao cha bajeti cha kila halmashauri.

Kwa madiwani na wakurugenzi walioko hapa, ninaomba yafuatayo. Fedha za wahudumu wa jamii ziwe na fungu lake ndani ya mapato yenu, hata kama ni dogo, ili mfadhili akiondoka kazi isilale. Mtu achaguliwe na mtaa wake, afanye kazi mtaani kwake, na anapochoka apatikane mrithi kabla hajaweka chini daftari. Vipimo na dawa vimfikie kwa wakati. Mhudumu anayefika mara mbili mikono mitupu hupoteza heshima iliyomchukua miaka kuijenga.

Kwetu sote wengine ninaomba jambo moja. Akibisha hodi kwako, mfungulie geti. Mwache achote maji ya ndoo yako ya nyuma, achungulie tangi lako, akuulize chandarua kiko wapi. Hutapoteza heshima yako kwa kumwonyesha dimbwi.

Nimalizie kwa mama yangu wa Kilombero. Magoti yalimshinda. Ngazi za madungu zikawa ndefu kwake, na msimu mmoja hakwenda. Hakuna aliyekuwa ameandaliwa kushika zamu yake, na mimi niliyekuwa tabibu wa pale nilikuwa miongoni mwa waliopaswa kumwandaa mtu huyo. Msimu ule watoto wawili waliletwa zahanati kutoka upande wake wa shamba, wamebebwa mgongoni usiku kucha, wakiwa na malaria kali. Mmoja tulimwokoa. Mwingine hatukuweza kumwokoa.

Kabla sijahama kituo kile alinikabidhi daftari lake. Aliniambia mali bila daftari hupotea bila habari, na kwamba hii ndiyo mali aliyonayo. Ninalo mpaka leo. Limechorwa mistari kwa mkono: jina la kaya, idadi ya watoto, chandarua, homa. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa una kaya saba. Mbele ya kaya nne, kwa kalamu ya bluu, ameandika neno moja: rudi.